Qaf ya Chuoni

Mtoto wa Ngamiani achezaye Scrabble hukunja uso anapookota herufi Q. Ina alama 10, ni moja tu miongoni mwa vigae 100, na maneno mengi ya Kiingereza huidai U iifuate. Kamusi haimfai sana, kwani hupanga maneno kwa herufi ya mwanzo, ilhali Q yaweza kukaa katikati au mwishoni.

Ajabu ni kwamba ufumbuzi anao chuoni. Kiswahili chetu cha herufi za Kirumi hakina Q. Qaf ya Kiarabu tuliigeuza K, tukasema kadhi, kibla, talaka, fakiri. Waingereza waliyapokea maneno hayo hayo wakaibakiza Q: qadi, qibla, talaq, faqir, na hata niqab. Yote yamo katika orodha ya Collins, na hakuna lenye U. Faqir peke yake huleta alama 17, kabla ya kuzidishwa na miraba ya ubao. (Alama, si shilingi, ikiwekwa fedha, hiyo ni kamari, wala hatuna la kuongeza.)

Twawajua wazazi wanaojitenga na ubao huo kwa kuwa hawakusoma Kiingereza. Mama aliyehitimu chuoni na aketi hapo, amwulize mwanawe: neno gani ulilosoma lina qaf? Kisha walitafute pamoja, kwani si kila neno la qaf limepokelewa na Waingereza.