Shule Zimejaa Ruiru na Thika: Mpaka Upitishwe Wapi?

Shule zinapofunguliwa mwanzo wa mwaka, wazazi wengi wa Ruiru na Thika huondoka nyumbani alfajiri, mtoto mkononi na cheti cha kuzaliwa mfukoni, kwenda kutafuta nafasi katika Gredi ya kwanza. Mwalimu mkuu hana budi kuwapokea watoto, kwa kuwa sheria yamtaka asimkatae mtoto; lakini chumba hakiongezeki kwa amri ya sheria. Hapo ndipo huzuka shauri la kuchora upya mipaka ya shule, yaani kila mtaa ujulikane wapeleka watoto wake wapi, ili shule iliyofurika ipunguziwe na ile yenye nafasi iongezewe. Shauri hili ni jema. Walakini lastahili kupimwa polepole, maana mpaka waweza kuondoa msongamano, na waweza pia kuuhamisha tu kutoka ua mmoja hadi ua wa pili.

Yafaa kwanza kujua ya kuwa Kenya haina desturi ya kumfunga mtoto kwa mtaa anaokaa. Mzazi humpeleka mtoto shule aipendayo, ikiwa atapokelewa. Kwa hiyo mpaka wa shule uliopo sasa haukuchorwa na afisa yeyote. Umechorwa na miguu ya watoto, na nauli, na sifa ya shule. Shule yenye sifa ya kufaulisha hujaa hadi mlangoni, na jirani yake yaweza kuwa na madawati matupu. Yeyote atakaye kuchora mpaka mpya, na aanze kwa kuutazama huu wa zamani usioandikwa.

Sababu ya kujaa haihitaji mjadala mrefu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na watu wapatao 240,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 490,000. Mji umekua maradufu katika miaka 10, nao waupita mji wa Thika, ambao mwaka huo wa 2019 ulikuwa na watu wapatao 250,000. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilimwezesha mtu kufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru. Nyumba za ghorofa zikaota mahali palipokuwa na mibuni. Shule za serikali hazikuota pamoja nazo.

Na hapa msomaji hana budi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu kosa hili ni la zamani kuliko barabara. Katika nyakati za ukoloni nchi ya Ruiru na Thika ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi, ya kahawa na mkonge. Vijiji vya Wakikuyu, pamoja na shule zao za misheni na zile za kujitegemea, vilikuwa zaidi upande wa juu, katika eneo la hifadhi. Halmashauri za Elimu za Wilaya, zilizoundwa katika miaka ya 1930, ndizo zilizosimamia shule za Waafrika, na hata leo ziko shule nchini Kenya zenye herufi D.E.B. katika jina lake. Ndani ya mashamba ya walowezi shule zilikuwa chache na ndogo, za watoto wa vibarua. Baada ya uhuru mwaka 1963 mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi, yakagawanywa vipande kwa wanachama. Kila mwanachama alitaka kipande chake, nacho kiwe kikubwa iwezekanavyo. Uwanja wa shule haukuwa na mwanachama wa kuutetea. Ndiyo sababu yapo leo maeneo mapana yenye nyumba zilizobanana, wala hapana shule hata moja ya serikali katikati yake.

Juu ya hayo yaliongezwa mambo mawili. La kwanza ni elimu ya bure iliyoanza Januari 2003, ambapo wanafunzi wa shule za msingi nchini walipanda kutoka milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2. La pili ni jipya zaidi, nalo aghalabu husahauliwa katika mazungumzo ya mipaka. Tangu Januari 2023 Gredi ya 7 ilibakizwa katika ua wa shule ya msingi, ikafuatwa na ya 8 mwaka 2024 na ya 9 mwaka 2025. Zamani mtoto aliondoka baada ya darasa la 8; sasa hukaa mwaka mmoja zaidi, tena madarasa hayo ya juu huhitaji vyumba vya sayansi na walimu wa masomo mbalimbali. Shule iliyokuwa imejaa mwaka 2022 haikuongezewa ua. Iliongezewa watoto wakubwa.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 uliweka watoto 40 kuwa kikomo kwa chumba chenye urefu wa mita 7 na nusu na upana wa mita 6 hivi. Yeyote aliyeingia katika shule ya serikali iliyo katikati ya mji anajua jinsi kikomo hicho kinavyovukwa. Wala hasara yake si ya masomo peke yake. Tarehe 3 Februari 2020, katika shule ya msingi ya mjini Kakamega, watoto wasiopungua 13 walikufa kwa kukanyagana ngazini walipokuwa wakitoka darasani jioni.

Basi mpaka upitishwe wapi? Karani aliye ofisini mwenye ramani na rula huenda akachagua mpaka wa kata, kwa kuwa umekwisha kuchorwa. Lakini mpaka wa kata haukuwekwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 6. Barabara kuu yenye njia nyingi, ipitayo katika eneo hili, ni ukuta kuliko mto wowote. Shule iliyo hatua chache ng'ambo yake yaweza kuwa mbali kuliko iliyo kilomita moja upande huu, ikiwa daraja la wapita kwa miguu liko mbali nayo. Iko pia reli iliyofika Thika mwaka 1913, na mito ya Ruiru, Ndarugu na Chania, ambayo wakati wa masika haichezewi. Mpaka wa haki ni ule uliotembelewa kwa miguu, asubuhi, mwendo wa mtoto.

Jambo la Githurai laonyesha ugumu huo. Mitaa miwili inayoitwa kwa namba za mabasi, 44 na 45, imeungana kama nyumba na ua wake. Lakini 44 iko katika Kaunti ya Nairobi, na 45 iko Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Kwa Katiba ya mwaka 2010, shule za msingi ni kazi ya Serikali Kuu. Kaunti zilipewa shule za chekechea. Kwa hiyo mpaka wa kaunti si sababu ya kumrudisha mtoto. Hata hivyo kila kaunti ina Halmashauri yake ya Elimu chini ya Sheria ya mwaka 2013, na watoto wa mitaa kama hii hawatahesabiwa sawasawa mpaka ofisi mbili ziketi meza moja.

Kuhesabu ndiyo kazi yenyewe. Tena wahesabiwe watoto, si wanafunzi. Katika mitaa ya miji, watoto wengi wa watu wa kipato kidogo husoma katika shule ndogo za binafsi, nyingine za mabati na mbao, kwa sababu ndizo zilizo karibu. Hao hawamo katika daftari la shule ya serikali. Siku mpaka mpya utakapowapa nafasi iliyo karibu na isiyo na karo, watakuja, na hesabu ya karani itakuwa imeharibika kabla ya wino kukauka.

Mwendo pia uwe wa taratibu. Mtoto aliye Gredi ya 5 au ya 6, karibu na mtihani, asing'olewe. Aanze yule wa Gredi ya kwanza, na ndugu zake walioko shule ya zamani wasitenganishwe naye bila ridhaa ya wazazi. Mama mwenye watoto watatu katika shule tatu hawezi kuwa mahali patatu saa moja asubuhi. Na walimu wafuate watoto: mtaa ukihamishwa na Tume ya Walimu isiongeze mwalimu upande wa pili, kilichofanyika ni kubadilisha jina la msongamano.

Watu wa Tanzania wamejaribu njia nyingine. Shule ikizidi ukubwa huigawa kuwa mbili katika eneo lile lile, moja "A" na nyingine "B", kila moja na mwalimu mkuu wake. Faida yake ni usimamizi, maana mwalimu mkuu huweza kuwajua walimu wake na watoto wake. Lakini vyoo ni vile vile na uwanja ni ule ule. Na huko Marekani, ambako mtoto hupangiwa shule kwa anwani ya nyumba yake, mipaka ilitumiwa miaka mingi kuwatenga weusi na weupe, hata baada ya Mahakama Kuu ya nchi ile kuukataa ubaguzi huo mwaka 1954. Kenya nayo ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika kabla ya uhuru. Si vizuri mpaka mpya wa Ruiru au Thika uzungushwe ukiacha mtaa wa vibanda nje ya shule nzuri, kwa kisingizio cha umbali.

Mwisho wa yote liko jambo la ardhi. Mpaka hugawa nafasi zilizopo, hauzai nafasi. Anayegawa shamba kubwa kuwa viwanja huagizwa kuacha sehemu kwa matumizi ya umma, na sehemu hiyo ndiyo shule ya kesho. Ikiuzwa, hapana ramani itakayoirudisha kwa urahisi. Januari 2015 watoto wa shule moja ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa moshi wa kutoa machozi walipokuwa wakipinga ukuta uliojengwa kuzunguka uwanja wao wa michezo. Shule isiyo na hati ya ardhi yake yaweza kuamka siku moja ikiwa imepunguzwa.

Mzazi anayeitwa kwenye mkutano wa shule juu ya mipaka ana maswali yake ya kuuliza, nayo si mengi: watoto wa mtaa huu ni wangapi, nani aliyewahesabu, njia ya kwenda shule mpya ilitembelewa na nani, walimu wangapi watahamia, na hati ya kiwanja cha shule iko katika kabati la nani.