Meli ikijaa, mfanyakazi awe na haki ya kusema "hatutoki"

Jumapili iliyopita kijana wangu wa miaka 12 alinijia na telefone mkononi. "Papa, angalia hii meli." Ilikuwa video ya meli kubwa ya wasafiri, zile zinazotoka Southampton kule Uingereza na kuvuka Bahari ya Atlantiki mpaka New York. Meli kama Queen Mary 2 inafanya usiku saba njiani. Ndani kunako sinema, maktaba, vyumba vya kulia vyenye taa za kioo, hata mahali pa kulaza mbwa. Kijana akacheka sana: "Mbwa iko na chumba ndani ya meli!" Halafu akanyamaza kidogo, akauliza: "Papa, na hii inaweza kuzama?"

Mtoto wa Goma haoni meli bila kuuliza swali hilo. Hatujasahau tarehe 3 Oktoba 2024, siku MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu wakiwa wanaangalia kutoka ufukoni. Kulikuwa na mama waliokuja kupokea watoto wao na wafanyabiashara waliongoja mizigo. Walichopokea ni maiti.

Mimi si baharia. Mimi ni mtu wa migodi, kazi yangu ni sendika ya wachimbaji. Lakini swali la kijana limenikaa kichwani, na ninaona jibu lake linatuhusu sisi watu wa kazi kuliko watu wengine wote.

Kwanza niseme juu ya ile meli ya video. Usidhani kama ni paradiso kwa kila mtu. Miaka kadhaa iliyopita, katika mkutano wa masendika kule Nairobi, nilikaa na ndugu mmoja wa Mombasa aliyefanya kazi ndani ya meli za namna hiyo. Alikuwa mtandika vitanda. Mkataba wake ulikuwa wa miezi minane. Kila siku saa kumi ama kumi na moja za kazi, Jumapili hakuna, sikukuu hakuna. Wasafiri wanalala juu, kwenye madirisha na upepo. Yeye na mwenzake walilala chini, karibu na usawa wa maji, chumba bila dirisha, kitanda juu ya kitanda. Aliniambia: "Nimevuka bahari mara nyingi kuliko samaki, lakini bahari yenyewe sikuiona."

Mimi nilicheka, juu ilikuwa kama ananielezea shimo la mgodi. Wenye kuchimba wako chini, wenye kula wako juu. Meli nyingi za aina hiyo zinaandikishwa Bahamas, Panama ama Bermuda, hata kama mwenye meli anaishi kwingine kabisa. Unatafuta tajiri wako, unakuta bendera tu. Ilibidi mabaharia wa dunia nzima wapigane miaka mingi mpaka mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006 uliweka saa za kupumzika: zisipungue 10 katika kila saa 24, wala 77 katika wiki. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2013. Ni jana tu.

Na sisi Wakongomani tusione hayo kama hadithi ya mbali. Wakati wa Wabelgiji, meli za Antwerp–Matadi zilibeba majina ya miji yetu: Léopoldville, Elisabethville, Albertville. Juu walikaa wakoloni na familia zao. Chini, kwenye mashine na kwenye kufua nguo, walikuwamo baba zetu, kwa mshahara mdogo kuliko wa mzungu aliyefanya kazi ileile.

Lakini yule ndugu wa Mombasa aliniambia kitu kingine, na njo hicho ninataka msomaji akishike. Siku ya kwanza, mbele ya kusafiri, kengele inalia. Kila msafiri, hata awe tajiri wa namna gani, lazima aende mahali alipopangiwa, aonyeshwe koti la kuelea, lile sisi tunaita jile, na jina lake lihakikishwe kwenye orodha. Anayekosa, anatafutwa chumbani. "Siku hiyo," alisema, "mimi mtandika vitanda ninampa amri milionea, na yeye anatii."

Amri hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba kule Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Walikufa 32. Wasafiri wengi walikuwa wameingia siku hiyohiyo, na zoezi lao lilikuwa halijafanyika, juu sheria ilitoa muda wa saa 24. Baada ya hapo sheria ikageuzwa: zoezi lifanyike mbele ya meli kuondoka ama papo hapo inapoondoka. Kule, watu 32 walibadilisha sheria ya dunia.

Sasa tushuke kwenye ziwa letu. Vita ilipokata barabara ya Sake na Minova mwanzoni mwa mwaka 2024, ziwa likawa barabara. Maharagwe, mihogo, makala, wagonjwa, wanafunzi, wakimbizi, wote wakapita majini. Mwenye feza kidogo anapanda boti ya mbio, anafika Bukavu kwa saa tatu hivi, amekaa kwenye kiti, anaangalia televisheni. Asiye nazo anapanda boti ya mbao ama ile inayobeba watu na magunia pamoja, anakaa juu ya gunia, mtoto mgongoni. Ng'ambo, upande wa Rwanda, kunako hata meli ya watalii yenye vyumba vya kulala, inatembea polepole ili watu waone milima. Maji ni yaleyale. Bei ya tiketi njo inaamua nani atafika.

Ndani ya MV Merdi walikuwamo watu wangapi? Gavana wa Sud-Kivu alitangaza 278, ndani ya boti iliyosemwa ni ya watu 80. Alitangaza vifo 78. Viongozi wa huku Nord-Kivu wakatoa hesabu ndogo zaidi. Sipendi kuingia katika mabishano hayo. Ninauliza tu: juu ya nini hesabu hazilingani? Ni kwa sababu hakukuwa na orodha ya kweli. Mtu aliyepanda bila kuandikwa anakufa bila kuhesabiwa. Familia yake inabaki kuzunguka kutoka hospitali mpaka hospitali na picha mkononi.

Na sheria ziko. Mwaka 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe na watu zaidi ya mia moja kupotea, Rais wa Jamhuri aliagiza kila msafiri wa Ziwa Kivu avae jile. Miaka imepita. Amri bila mtu wa kuishika ni karatasi.

Niwaelezee kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mwezi wa sita nilitoka Minova kwa kazi ya sendika. Boti sitaitaja, wala bandari tuliyofikia. Nilianza kuhesabu watu, nilipofika 130 nikaacha. Jile zilikuwa ndani ya stoo, na stoo ilikuwa na kufuli. Waliniambia wanafunga juu wasafiri wanaiba. Karibu yangu alisimama kijana wa kazi, yule wa kushika kamba. Nilimuuliza kama haoni maji yanakaribia ukingo. Akanijibu polepole: "Muzee, najua. Tangu tunapakia niliona kama imejaa. Lakini mimi niko wa kushika kamba tu. Nikisema hapana, kesho mwingine iko pa nafasi yangu."

Tulifika. Mungu alisaidia. Lakini jibu lile halijanitoka mpaka leo. Yule kijana alijua. Alijua mbele ya polisi wa bandari na mbele ya mtu wa serikali anayepiga muhuri. Mwenye boti yeye alikuwa kwake. Mtu wa kwanza kujua kama boti imejaa ni yule anayefanya kazi ndani yake, na njo huyo peke yake ambaye hakuna anayemuuliza.

Kwenye mgodi ni vilevile. Anayeshuka wa kwanza anasikia mti wa kushikilia udongo unalia. Anaona maji yameanza kupenya. Akitoka na kusema "leo hatushuki", wengine wanaishi. Akiogopa kufukuzwa, anashuka, na jioni tunachimba mara ya pili, safari hii tunatafuta watu. Nimezika wenzangu wa kutosha. Karibu kila mara kulikuwa na mtu aliyejua, akanyamaza.

Sasa nirudi kwenye swali la kijana wangu, juu jibu lake liko katika historia ya meli hizohizo za Southampton na New York. Titanic ilizama tarehe 15 Aprili 1912. Ndani walikuwamo watu zaidi ya 2,200. Mashua za kuokolea zilikuwa na nafasi ya watu 1,178. Walikufa zaidi ya 1,500. Wa daraja la kwanza waliokoka zaidi ya nusu. Wa daraja la tatu, robo hivi. Hayo watu wengi wanayajua kwa sinema.

Kitu ambacho sinema haionyeshi ni hiki. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Aprili, meli Olympic, dada ya Titanic, ilikuwa tayari kutoka Southampton kwenda New York. Kampuni ilikuwa imeongeza haraka haraka mashua za kukunja. Wachochea makaa, watu weusi kwa masizi, wa chini kabisa katika meli, waliziangalia wakasema zingine zimeoza. Wapatao 280 wakabeba mizigo yao, wakashuka. Mashua zilipopimwa, moja ilikutwa kweli haifai. Kampuni ikaleta watu wengine badala yao. Hapo mabaharia 54 nao wakakataa kusafiri pamoja na watu hao wasioijua kazi. Wakakamatwa, wakapelekwa mbele ya hakimu kwa kosa la kutotii amri. Mahakama ikasema kosa lipo, lakini haikuwapa azabu yoyote. Safari ikafutwa. Mwezi Januari 1914 mataifa yalitia sahihi kule London mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini: kila mtu aliye melini awe na nafasi katika mashua.

Kwa hiyo kijana wangu, ndiyo, ile meli inaweza kuzama. Lakini mbele ya kuzama, iko na watu wenye haki ya kusema "hatutoki".

Najua majibu nitakayopewa. Wenye boti watasema mafuta ni ghali na taksi za bandarini ni nyingi. Ni kweli, na sendika iko tayari kuwaunga mkono ili taksi zipunguzwe. Wasafiri watasema: boti ikikataa kunibeba, watoto wangu watakula nini? Ni kweli pia, na mimi nimekaa juu ya gunia kama wao. Lakini gunia la maharagwe lililobaki bandarini linaweza kusafiri kesho. Aliyelala chini ya ziwa hasafiri tena. Wengine watasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakupakia ile boti.

Tunaomba vitu vinne. Kwanza, orodha ya majina, na kopi moja ibaki bandarini mbele ya kamba kufunguliwa. Pili, jile zitoke kwenye stoo, zivaliwe mbele ya kuondoka. Kama zinaibiwa, tiketi iache amana ndogo inayorudishwa ukifika. Tatu, wafanyakazi wa boti walipwe kwa mwezi, si kwa safari wala kwa wingi wa watu, juu mtu anayekula kwa kichwa cha msafiri atapakia vichwa. Nne, na njo kubwa kuliko zote: mfanyakazi yeyote, hata yule wa kushika kamba, akisema boti imejaa, boti isitoke mpaka ihesabiwe upya, na yeye asipoteze kazi.

Hii ya nne si ndoto. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejitoa mbele ya hatari kubwa iliyo karibu alindwe asiazibiwe. Tangu mwaka 2022 usalama kazini umehesabiwa kati ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Na katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 38 na cha 39, inatambua uhuru wa sendika na haki ya kugoma.

Vijana wa boti za Kivu, wa Goma, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu, mimi ninawaambia: mmoja akikataa, anafukuzwa. Wote mkikataa, boti inabaki bandarini na watu wanaishi. Njooni tukae, tuwasaidie kuandika sendika yenu. Sisi wa migodi tulianza tukiwa watu saba chini ya hema.

Kijana wangu ana shangazi Bukavu. Desemba anataka kwenda kumwamkia, na njia ni ziwa. Nitamsindikiza mpaka bandarini. Sitaangalia rangi ya boti, wala televisheni yake. Nitamtafuta yule wa kushika kamba, nitamuuliza: "Ndugu, imejaa?" Ninataka siku hiyo aweze kunijibu bila kugeuka kuangalia nani anamsikia.