Uhuru Uliovaa Suruali

Kuna hadithi moja tamu ambayo hurudi kila tunapojadili riwaya au filamu ya Ufaransa ya karne ya 18. Eti wanafalsafa wa Zama za Mwangaza waliwafundisha watu kufikiri, watu wakachoshwa na mawigi, poda na hariri, Mapinduzi yakaja mwaka 1789, na tangu hapo kila mtu akavaa alichotaka. Mimi siinunui. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ni ya wanaume.

Tuanze na hiyo nusu. Jean-Jacques Rousseau alipopata umaarufu aliachana na nakshi za dhahabu na soksi nyeupe, akaweka upanga chini, hata saa yake akaiuza. Katika Émile, kitabu cha mwaka 1762, alilaani watoto wachanga kufungwafungwa vitambaa na wanawake kubanwa viuno. Kisha Mei 1789, mabaraza ya matabaka yalipokutana Versailles, wawakilishi wa watu wa kawaida waliagizwa kuvaa nguo nyeusi zisizo na pambo, huku makabaila wakimeremeta kwa dhahabu na manyoya kwenye kofia. Nguo ile ya kuwashusha ikageuka kuwa fahari yao. Baadaye wanamapinduzi wa mitaa ya Paris wakajulikana kama sans-culottes, yaani wasiovaa suruali fupi za magotini za wakubwa. Wao walivaa ndefu, za watu wa kazi. Hapo sina ugomvi.

Lakini hebu tuwatazame wanawake. Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha picha ya Malkia Marie-Antoinette akiwa na gauni la melimeli nyeupe na kofia ya majani makavu. Watu wakafoka: malkia kachorwa na nguo ya ndani! Picha ikaondolewa, ikaja nyingine, safari hii akiwa na hariri. Urahisi uleule uliomfanya Rousseau aonekane mwenye hekima, kwake ulikuwa aibu.

Utaniambia yule alikuwa malkia, na alichukiwa kwa mengi. Sawa. Tumwache, twende sokoni.

Mei 1793 Pauline Léon na Claire Lacombe walianzisha chama cha wanawake wanamapinduzi. Septemba mwaka huo Bunge likaamuru kila mwanamke avae beji ya utepe wa rangi tatu. Wanachama wakaenda mbali zaidi, wakataka na kofia nyekundu ya Mapinduzi. Wanawake wa sokoni wakagoma kuvalishwa kofia hiyo kwa nguvu, na mwezi Oktoba wakapigana. Bungeni, Fabre d'Églantine akaonya kwamba wakipewa kofia leo, kesho watadai mikanda na bastola.

Sasa tazama tarehe. Tarehe 29 Oktoba 1793 Bunge lilitangaza uhuru wa mavazi: hakuna atakayemlazimisha mwananchi yeyote, mwanamume au mwanamke, avae vipi. Ila kulikuwa na sharti dogo: kila mtu avae apendavyo, mradi ni vazi la jinsia yake. Tarehe 30 Oktoba, siku moja tu baadaye, vyama vyote vya wanawake vikapigwa marufuku. Kwa hiyo sheria ile tunayoisifia ilizaliwa katika mjadala wa jinsi ya kuwanyamazisha wanawake.

Wapo watakaosema kwamba gauni jepesi la miaka ya 1790 liliuweka mwili wa mwanamke huru. Kwa muda, ndiyo. Lakini gauni lile lilikuwa jembamba kiasi kwamba mfuko wa kufunga kiunoni, uliokuwa ukifichwa chini ya sketi pana, ukakosa pa kukaa, pesa zikahamia kwenye kimkoba cha mkononi. Na kabla karne ya 19 haijafika katikati, viuno vilikuwa vimeshabanwa tena. Suti ya mwanamume, tulivu na yenye mifuko, ipo mpaka leo.

Tarehe 7 Novemba 1800 polisi wa Paris wakamaliza kazi: mwanamke anayetaka kuvaa kiume aombe kibali, tena akiwa na cheti cha mganga. Rosa Bonheur, mchoraji mashuhuri wa wanyama, alilazimika kuwa na kibali hicho katika miaka ya 1850 ili aingie minadani kwa mifugo. Amri ile ilikuja kutamkwa rasmi kuwa haina nguvu mwaka gani? 2013.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Uhuru waliopewa wanawake wa Paris ulikuwa wa kuazima, na mwenyewe aliudai siku ya pili. Basi tunaposoma riwaya inayomaliza na shujaa akilitupa wigi lake kwa furaha, tuulize dada yake aliruhusiwa kutupa nini.