Jaji Ramadhani na mlango wa chama

Kila uchaguzi unapokaribia, swali hili husikika vijijini Pemba: mtu anayekubalika na wenzake, lakini hana chama, kwa nini haruhusiwi kugombea? Maisha ya marehemu Jaji Augustino Ramadhani yanasaidia kulielewa jibu.

Ramadhani alizaliwa Zanzibar mwaka 1945. Alikuwa mwanajeshi hadi cheo cha Brigedia Jenerali, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010.

Wakati huo Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa akidai mahakamani haki ya mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama. Mahakama Kuu ilimkubalia mara mbili, 1994 na 2006. Mara ya kwanza Bunge lilibadili Katiba kuziba njia. Mara ya pili Serikali ilikata rufaa. Juni 2010, majaji 7 wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Ramadhani, walisema suala hilo ni la kisiasa, hivyo liamuliwe na Bunge.

Mtikila alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Serikali ilijitetea kwamba katazo hilo linazuia ukabila na kulinda umoja wa nchi. Juni 2013 Mtikila alishinda. Ramadhani, ambaye sasa alikuwa jaji wa mahakama hiyo, hakukaa kwenye kesi kwa kuwa ni Mtanzania.

Mwaka huohuo, Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba, ambayo Ramadhani alikuwa Makamu Mwenyekiti wake, ilitoa rasimu yenye kuruhusu mgombea binafsi. Kura ya maoni ya Katiba mpya ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa.

Miezi michache baadaye Ramadhani mwenyewe aliomba CCM imteue kugombea urais wa Tanzania. Jina lake halikuingia tano bora. Dodoma akateuliwa John Magufuli. Safari ikaishia hapo. Sifa za ujaji na jeshi hazikumpa njia nyingine ya kufika kwa wapiga kura, kwa kuwa njia hiyo haikuwepo kisheria. Alifariki Aprili 2020.

Jambo hili halihusu urais peke yake. Anayetaka ubunge, uwakilishi au udiwani, awe Micheweni au Mkoani, lazima kwanza apite mikononi mwa chama. Wachache wa kikao humchuja kabla wewe hujapiga kura.

Na njia aliyopita Mtikila imefungwa. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa katika tamko lililomruhusu mwananchi kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama ile ya Arusha. Kwa hiyo ufunguo umebaki pale majaji wa 2010 walipouweka: bungeni. Mgombea ubunge akija kwenu kuomba kura, muulizeni atalipeleka lini.