Kigae Hakifichi Sakafu

Liko neno linalosemwa sana katika mitaa ya mashariki ya Nairobi kila vigae vinapotaka kutandikwa nyumbani: "Tandika tu, kigae kitaficha." Msomaji, neno hili ni fupi, lakini hasara yake ni ndefu.

Zitazame nyumba zetu. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na Buruburu ilianza kujengwa katika miaka ya 1970. Sakafu za saruji za umri huo zimekanyagwa na vizazi, zikapakwa nta nyekundu, zikabonyea hapa na kutuna pale. Huko Buruburu wenyeji wengi wameongeza vyumba. Na sakafu mpya inapokutana na ya zamani, mara nyingi huonekana ufa au mwinuko.

Kigae ni kitu kigumu, hakijui kupinda. Kikiwekwa juu ya bonde huacha uvungu chini yake. Ukikigonga hulia kitupu, na mguu wa kitanda ukikilemea huvunjika. Kikiwekwa juu ya tuta huinua ukingo wake, na bibi mzee hujikwaa.

Wako wanaojibu kwamba bonde litajazwa kwa saruji nyingi chini ya kigae. Hoja hii ina sura ya akili, lakini haina akili. Saruji hunywea ikaukapo, na iliyo nene hunywea kuliko iliyo nyembamba. Kigae kilichokuwa sawa asubuhi hufuata saruji yake chini.

Basi sakafu isawazishwe kwanza. Chukua ubao mnyofu wa mita 2, uulaze kila upande. Nafasi chini yake isizidi milimita 3. Tuta lichongwe. Nta ikwanguliwe yote, kwa maana saruji haishikani na nta. Kisha sakafu ikwaruzwe kwa patasi na kuoshwa. Bonde lijazwe kwa fungu 1 la saruji na mafungu 3 ya mchanga, likae na unyevu siku 7. Ufa unaozidi kupanuka usifunikwe, utafutiwe sababu. Bafuni, sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, sentimita 1 au 2 kwa kila mita.

Mwenye nyumba atalalamika juu ya siku na fedha. Na aulizwe: je, kung'oa vigae vya chumba kizima na kununua vingine ni bure? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena asimlaumu fundi peke yake. Anayehesabu vigae vilivyotandikwa tu, na kukataa kulipia kazi iliyo chini yake, ameinunua haraka kwa fedha zake mwenyewe.

Nawe mwanafunzi, usisimame mlangoni kama mgeni. Umefundishwa mstari mnyofu, pembe na mteremko; elimu hiyo haikuandikiwa mtihani tu. Piga magoti kando ya fundi, shika pimamaji, soma pamoja naye, na umwombe baba au mama alipe siku ya kusawazisha kama anavyolipa siku ya kutandika. Hakuna aibu katika magoti yenye vumbi la saruji. Aibu ni kusifu uzuri wa juu huku ukijua kwamba chini pana uvungu.