Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: lithiamu iende pamoja na kipimo chake

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya, Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

Nakuandikia kuhusu dawa moja tu, lithiamu, inayowakinga na kujiua watu wenye baipola na baadhi ya wenye sonona kali inayojirudia. Mdogo wangu ni mmoja wao. Anaitumia, anafundisha, analea watoto wake.

Dawa hii si ngeni. Daktari John Cade wa Australia alitangaza matokeo yake ya kwanza mwaka 1949. Ni chumvi ya madini, hakuna kampuni yenye hakimiliki nayo, na nadhani ndiyo sababu haina wa kuipigia debe. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Mwaka 2013 Andrea Cipriani na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 48: waliopewa lithiamu walijiua wachache kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Sikufichi upande wa pili. Jaribio la wanajeshi wastaafu wa Marekani, lililochapishwa 2022, halikuona tofauti lithiamu ilipoongezwa kwenye matibabu ya kawaida. Lakini wengi wa washiriki hawakuendelea kuitumia ipasavyo, na kiwango chake katika damu kilikuwa cha chini. Hapo kwenye damu ndipo ombi langu linapoanzia.

Lithiamu ina nafasi finyu sana ya kufanya kazi. Kwa wagonjwa wengi madaktari hulenga milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Ikishuka haikingi, ikipita 1.5 inakuwa sumu. Na maisha yetu huivuruga kirahisi. Kuhara, jasho la Dar es Salaam bila maji ya kutosha, diklofenaki ya kutuliza mgongo iliyonunuliwa bila cheti, hata baadhi ya vidonge vya presha, vyote huipandisha mwilini. Anayefunga Ramadhani lazima apange na daktari wake mapema. Figo na tezi ya shingo nazo zichunguzwe mara kwa mara. Bila kipimo, daktari anabahatisha, na daktari mwoga ataacha kabisa kuiandika.

Sisi tumepata dawa mahali ambapo hakuna kipimo. Tumepata kipimo siku ambayo dawa imeisha. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa lithiamu ikikatishwa ghafla hatari ya ugonjwa kurudi, na ya mtu kutaka kujiua, hupanda. Tulisafiri mkoa mwingine kuitafuta kwa sababu tulikuwa na nauli. Wako wasio nayo, na hao hukaa nyumbani wakisubiri.

Kwa hiyo naomba Bohari ya Dawa isinunue lithiamu bila vitendanishi vya kuipimia, na vyote viwili vifike kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtu wa Katavi asilazimike kwenda Hospitali ya Mirembe, Dodoma, kwa ajili ya mrija mmoja wa damu. Aliye katika hatari apewe dawa ya siku chache chache, ndugu akiitunza, na muuguzi ampigie simu akikosa kliniki.

Jambo jingine liko nje ya wizara yako, lakini sauti yako ingesikika. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitamka kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Anayeogopa polisi hamwambii daktari ukweli, na daktari asiyeambiwa hajui ni nani wa kumwanzishia dawa.

Mwaka wa fedha huanza Julai. Katika hotuba yako ya bajeti naomba tusikie lithiamu ikitajwa kwa jina, na mikoa itakayoanza kuipata pamoja na kipimo chake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dada wa mgonjwa