Makelele ya Baa na Jirani Zake

Mwanafunzi wa bweni hahitaji kuelezwa makelele ya baa ni nini. Kila Jumamosi vipaza sauti vya ng'ambo ya barabara vyapigwa hadi saa tisa za usiku, vioo vya madirisha vyatetemeka. Wanafunzi wa zamani hutucheka. Wasema wao walisumbuliwa na vyura tu.

Wako wasemao kwamba hapa Uganda hakuna sheria ya jambo hili. Si kweli. Kanuni za kelele zilitungwa mwaka 2003. Penye nyumba za kukaa watu, ziliweka mpaka wa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Penye nyumba na biashara pamoja, 55 mchana na 45 usiku. Na usiku wahesabiwa tangu saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Tarakimu hizi zadanganya macho: kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Basi apigaye 65 mahali pa 45 amezidisha mara 100, wala si kidogo.

Kasoro iko wapi? Mimi naiona katika kupima. Mashtaka hupelekwa asubuhi, mkaguzi hufika mchana, naye hukuta viti vimeegemezwa mezani na mtu akifagia. Atapima nini? Maji machafu huacha alama mtaroni. Kelele haziachi kitu.

Kwa hiyo leseni ya baa isitolewe mpaka vyombo vyake vimepigwa usiku, na sauti imepimwa dirishani kwa jirani, si mlangoni pa baa. Kufunga mlango hakutoshi, maana sauti nene ya ngoma hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Tena halmashauri ya mtaa iwe na kipimo chake, na mtu wa kuitwa saa ile ile.

Mwishoni mwa mwaka 2022, Gavana Sakaja wa Nairobi alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi. Kwangu dawa hiyo ni kali mno. Wahudumu na wachoma nyama nao wana watoto wa kulipia ada, pengine humu humu shuleni. Lakini aliyepimwa, akaonywa, kisha akarudia, leseni yake na ichukuliwe.

Wanafunzi wetu wa zamani ni wengi katika halmashauri za miji. Je, ni nani kati yao atakayelipeleka neno hili mkutanoni kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka?